Betri Iliyojaa, Mayai Yaliyopoa

Betri ilikuwa imejaa, na mayai yalikuwa yamepoa. Mambo hayo mawili niliyakuta ndani ya chumba kimoja, Ijumaa mchana, katika nyumba ninayopanga Old Kampala. Kwenye uso wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, vijiti vyote vya kuonyesha akiba vilikuwa vimesimama. Kando yake, juu ya meza ya mbao, mashine ya kutotoa vifaranga ilikuwa imezima, kioo chake cheusi, feni yake kimya. Nilifungua mlango wake mdogo, nikatoa yai moja, nikaliweka kiganjani. Lilikuwa na baridi ya kikombe cha chai kilichosahauliwa dirishani.

Hakuna waya uliokatika. Hakuna aliyegusa swichi ya mashine. Umeme wa mtaa haukuwapo tangu asubuhi, lakini betri ile ilinunuliwa kwa ajili ya siku kama hiyo hasa. Ili ieleweke ilivyotokea, inafaa nianze na nyumba yenyewe na watu wake.

Ni nyumba ya kizamani ya mabati, vyumba vimezunguka ua wa saruji. Mwenyewe ni mama wa Kinubi ambaye sote tunamwita Hajati. Babu yake alifika Uganda akiwa askari kutoka Sudan enzi za wakoloni, na Kiswahili kilibaki katika familia yao pamoja na sinia za ukindu za rangi ambazo Hajati bado anazisuka kila alasiri. Chumba kinachotazama barabara amepanga fundi cherehani, Muganda mwenye mdomo mwepesi na televisheni ndogo ambayo haizimwi kama kuna mpira, hata ukiwa mpira wa juzi. Mimi nina chumba cha pembeni. Kazi yangu ni kuandika habari za Kiswahili kwa ajili ya redio, na kwa miaka hii michache nimekuwa natumwa sana kwenye mikutano ya umeme.

Chumba cha nne anakaa mama kutoka Bukavu. Alikuja Kampala kwa sababu ya vita, akauza vitenge, akauza samaki wa kukaanga Wandegeya karibu na hosteli za wanafunzi, lakini anachokijua tangu utotoni ni kuku. Yeye na wanawake wenzake wa Kongo, wanaosali pamoja kule Rubaga, walichanga wakanunua mashine moja ya kutotoa vifaranga. Mashine hiyo haina kwao. Inahama nyumba hadi nyumba kwa zamu. Kila mwanamke anapewa mtotoo mmoja, yaani kutotoa mayai mara moja, wiki tatu hivi, kisha mashine inabebwa kwenda kwa mwingine. Mtotoo ukiharibika, zamu yako imekwisha hivyo hivyo, unarudi nyuma ya wote. Si ukali, ndivyo walivyokubaliana ili wasigombane.

Mama wa Bukavu aliingoja zamu yake muda mrefu. Ilipofika, aliwaambia wenzake kwamba nyumba yetu ina betri, na kwamba akitotoa vizuri, mashine ingefaa kukaa hapa moja kwa moja, wote walete mayai yao hapa badala ya kuihangaisha barabarani. Kwa wengi wao umeme unapokatika mtotoo unakwenda na maji. Wakakubali kujaribu. Hajati naye akakubali: vifaranga wakitoka, stoo ya nyuma ya ua itakuwa yake, afanyie kazi humo. Kwa hiyo mayai yale yalibeba zamu yake, stoo yake, na imani ya kundi zima kwa betri ya Hajati.

Kuhusu betri, tulikuwa na kanuni zetu. Kila chumba balbu moja na soketi moja. Pasi ya umeme marufuku, birika marufuku. Ilipokuja mashine ya mayai, Hajati aliweka kanuni mpya pale uani, ametulia kwenye mkeka wake.

"Umeme wa mtaa ukienda, kwanza mayai. Sisi wengine baadaye."

"Hata mpira, Hajati?" fundi cherehani akauliza.

"Mpira unakula nini? Unataga?"

"Lakini Hajati, mimi mpangaji wa miaka mingi, na hii mayai imefika juzi tu. Hata kodi haijaanza kulipa."

Mama wa Bukavu akacheka mpaka akashika ukuta. "Nitakupatia jogoo moja, fundi. Itakuwa inaimba kuliko hiyo televisheni yako."

"Jogoo la kupika au la kuimba?"

"Utachagua wewe mwenyewe."

Nililikumbuka zogo lile kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimekaa kwenye mkutano wa wizara, nikisikiliza kanuni zilezile zikisemwa kwa sauti nzito zaidi. Serikali ilikuwa inaandaa sera ya hifadhi ya umeme, sehemu ya mpango mkubwa inaouita usalama wa nishati. Maelezo yao, nikiyaweka kwa maneno ya kawaida, yalikuwa haya. Mabwawa ya mto Nile yana saa ambazo yanaweza kuzalisha umeme kuliko unaotumika. Jioni watu wakirudi nyumbani, mambo yanageuka. Tena kati ya bwawa na nyumba ya mtu kuna nyaya ndefu, vituo na transfoma, na popote hapo njia inaweza kufungwa. Kwa hiyo nchi inataka betri kubwa, zijazwe wakati umeme ni mwingi, zitoe wakati umeme ni haba. Rasimu ilitaja pia watakaotangulizwa akiba ikiwa ndogo: hospitali, pampu za maji, mawasiliano. Wengine wote waliingizwa kwenye fungu la wanaohimizwa kupunguza matumizi.

Nilipoandika taarifa yangu ya redio, nilitumia karibu maneno ya Hajati. Kwanza hospitali, sisi wengine baadaye. Mhariri wangu aliipenda.

Siku chache baadaye likaja tangazo kwamba mtaa wetu hautakuwa na umeme kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa matengenezo. Ilikuwa Ijumaa. Mama wa Bukavu alikuwa na mkutano wa kundi lake Rubaga, na ajenda kubwa ilikuwa yeye mwenyewe: wenzake walitaka kusikia mayai yanaendeleaje. Wiki ya pili ilikuwa inaelekea kwisha. Alikuwa ameyamulika kwa tochi gizani usiku uliotangulia na kutuita tuone. Ndani ya kila yai palikuwa na kivuli kizito, na ukisubiri kidogo, kivuli kilijisogeza.

"Huyu anatikisika," aliniambia. "Na huyu. Huyu iko na usingizi."

Asubuhi, umeme ulipokatika, alisimama mbele ya inveta akahakikisha. Betri imejaa, mashine inafanya kazi, joto liko sawasawa. Akajifunga kitenge chake kizuri akaondoka bila wasiwasi. Mimi nilikwenda hotelini kwenye kikao cha pili cha wizara. Hajati alikuwa anajiandaa kwa sala ya Ijumaa kwenye msikiti mkubwa wa kilimani, na kabla ya kutoka akafanya jambo ambalo ni tabia yake kabisa. Kwa Wanubi kama yeye, jirani akiwa na mgonjwa au msiba huwezi kufungulia redio wala kutwanga kwa kishindo. Unampisha. Hajati aliyaona mayai kwa jicho hilohilo. Alizunguka akizima balbu zote, akachomoa friji yake ndogo, akapiga hodi kwa fundi cherehani.

Fundi mwenyewe alitusimulia baadaye. Alikuwa ameanza kutazama mpira wa marudio. Hajati akasimama mlangoni akiwa na mtandio wake mweupe, akaitazama tu ile televisheni.

"Kale, Hajati," fundi akasema, yaani haya basi. "Naizima. Mayai ilale pema."

"Usiseme ilale pema! Hiyo ni ya maiti."

"Basi ilale salama."

Akaizima, akachomoa na chaja ya simu yake, akafunga chumba akaenda kununua uzi. Nyumba yote ikawa kimya. Mashine ya mayai ikaachiwa betri nzima, peke yake, kwa heshima zote.

Nilirudi kabla ya wengine. Nimeshasema nilichokikuta. Chumba cha betri kiko mwisho wa korido isiyo na dirisha, na ingawa ulikuwa mchana, nilitaka kuona vizuri kilichoharibika, nikawasha balbu ya korido. Ni balbu ya kizamani, ya njano, ambayo Hajati huilaumu kwamba inakula kama mgeni asiyeaga. Ilichelewa kidogo, ikawaka. Na mara ileile nyuma yangu mashine ya mayai ikalia pii, kioo chake kikajaa tarakimu nyekundu, feni ikaanza kuzunguka.

Nikadhani ni bahati. Nikazima balbu hapohapo. Mashine iliendelea kuwaka kwa muda mfupi, kisha ikazima. Nikawasha balbu, mashine ikaamka tena. Nikaiacha balbu ikiwaka, nikampigia simu fundi wa sola aliyetufungia betri, kisha nikampigia mama wa Bukavu. Simu hii ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwambia mashine ilikuwa imezima, sasa imewaka, na sijui ilizima kwa muda gani.

Nyuma yake nilisikia wanawake wakizungumza na mmoja akicheka.

"Ni ya baridi?" akauliza.

"Ya baridi."

"Sawa. Ninakuja."

Fundi wa sola alifika kwa pikipiki akiwa bado na tope la kazi nyingine kwenye viatu. Hakuchukua muda mrefu kuelewa, kwa sababu jambo lenyewe alilipanga yeye, tena kwa kuagizwa. Inveta ile ina usingizi. Ikiona hakuna kazi ya maana, inajilaza ili isipoteze akiba bure, na kila baada ya muda kidogo inachungulia kama kuna kifaa kinachotaka umeme. Kifaa kikiwa kikubwa kiasi, inaamka. Kikiwa kidogo mno, inakichukulia kama si kitu.

Mashine ya mayai inapopasha joto, inakula vya kutosha. Lakini joto likifika panapotakiwa, inazima chuma chake cha moto na kubakiza feni na kile kioo tu, vitu viwili vyenye matumizi madogo sana. Siku zote zilizopita umeme ulikuwa ukikatika jioni, wakati balbu zetu na televisheni ya fundi cherehani zilikuwa zinawaka, na inveta ilikuwa macho kwa sababu yetu. Ijumaa ile tulipompisha mgonjwa, tulibaki na feni peke yake. Inveta ikaona hakuna mtu nyumbani. Ikalala. Na kila ilipochungulia, kioo cha mashine kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kuamka, hakijafika hata kuagiza moto.

Kufikia hapo Hajati alikuwa amerudi kutoka msikitini, na fundi cherehani naye yuko mlangoni na fungu lake la uzi. Wote wawili walisikiliza hadi mwisho.

"Nani aliiambia ilale?" Hajati akauliza.

"Wewe, Hajati," fundi wa sola akajibu kwa upole. "Ulisema hutaki kitu kinachokula bure."

Hajati akakaa kwenye kiti. Akatazama sakafu. "Kweli nilisema."

"Bannange!" fundi cherehani akamaka, kama Waganda wanavyowaita watu wao jambo likiwazidi. "Maana yake ningekuwa mtu mbaya, nikaangalia mpira wangu, mayai ingepona?"

"Ingepona," akasema fundi wa sola.

"Mara ya kwanza kwa maisha yangu nafanya wema bila kulazimishwa," fundi cherehani akasema. Lakini hakucheka, wala hakuna aliyecheka.

Mama wa Bukavu aliingia akiwa na kitenge chake kizuri, jasho usoni. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu kwa sababu barabara ya Rubaga ilikuwa na foleni. Aliweka mkono ndani ya mashine, akaushikilia humo juu ya mayai, kama anayepima homa ya mtoto. Joto lilikuwa limeanza kurudi. Hajati akasimama, akamwendea.

"Binti yangu, ni mimi. Nilizima kila kitu ili upate wewe."

"Ninajua, Mama Hajati."

"Sikujua kama mashine inahitaji wenzake."

"Hata mimi sikujua. Ningekuwa hapa, mimi mwenyewe ningezima ile balbu."

Fundi wa sola akauondoa ule usingizi kwenye inveta, lakini akatuonya kwamba aina ile ameshaiona ikirudi kwenye mpangilio wake wa zamani ikizimwa na kuwashwa. Hajati akaamua kwamba balbu ya korido itawaka mchana na usiku mpaka vifaranga watoke, na atakayeizima atahama. Mama wa Bukavu akamulika mayai. Mengine yalikuwa na kivuli kilichojisogeza kidogo sana. Mengine yalikuwa na kivuli kilichotulia. Aliyarudia yale yaliyotulia, akiyageuza polepole mbele ya tochi.

"Kuku naye anatoka kwa kiota," alisema, bila kumwelekea yeyote. "Anakwenda kula, anarudi. Mayai inamgojea."

"Anakaa nje muda mrefu hivyo?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Si muda kama huo."

Wenzake wa kundi aliwaambia ukweli siku ileile kwa simu, mbele yetu. Kiongozi wao akamjibu kwamba watakuja wenyewe Jumapili ya kutotoa, baada ya misa, na watakachokiona ndicho kitakachoamua. Vifaranga wakitoka, mashine inabaki. Wasipotoka, kundi linakuja na mtu wa kuibeba.

Katikati ya wiki nilirudi kwenye kikao cha mwisho cha wizara. Wakati wa chai nilimsimulia mmoja wa wahandisi wao kisa cha nyumba yetu. Alicheka mwanzoni, kisha akakiweka kikombe chini. Akaniambia kwamba betri za taifa hazilali kwa namna ile, lakini nazo zina mipangilio: lini zitoe, zimtolee nani kwanza, mzigo gani uhesabiwe na upi usihesabiwe. Nikamwuliza ni nani atakayeamua hiyo mipangilio, na ni nani atakayeipitia tena maisha ya watu yakibadilika. Akaifungua rasimu, akaipekua kwa utulivu hadi mwisho, akarudi nyuma akaipekua tena.

"Hilo bado," akasema. "Lakini umefanya vizuri kuuliza."

Nililiandika jibu lake kama alivyolisema, na likasomwa kwenye taarifa ya jioni. Fundi cherehani alilisikia akiwa kwenye cherehani yake, akapaza sauti hadi chumbani kwangu: "Mtu wa redio! Waambie wawe na balbu ya korido!"

Jumapili imefika. Alfajiri nimewakuta wote watatu katika chumba kile, Hajati na shanga zake za tasbihi, fundi cherehani na kikombe cha chai, mama wa Bukavu amepiga magoti mbele ya mashine. Umeme wa mtaa umekatika tena tangu kabla hakujapambazuka. Hakuna yai lililopasuka. Mama wa Bukavu anasema mayai yaliyopigwa baridi huchelewa, huenda siku moja, huenda zaidi, na kwamba hajui kama wenzake watakubali kungoja.

Jua lilipokwisha panda, Hajati akasema amesikia sauti. Tukanyamaza. Kweli palikuwa na sauti, nyembamba, ya kukwaruza, ikija na kupotea.

"Ni kifaranga," akasema Hajati.

"Ni feni, Hajati," akasema fundi cherehani. "Hiyo feni tangu juzi inakwaruza. Mimi fundi wa mashine, najua chuma kikilia."

"Wewe fundi wa suruali."

Mama wa Bukavu alikuwa ameweka sikio lake kwenye mbao. Njia ya kujua ilikuwa rahisi: kuizima feni kidogo tu na kusikiliza. Sote tuliiona swichi, iko pale mbele. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Wanawake wa Rubaga watakuwa wanatoka kanisani saa hizi. Balbu ya korido inawaka mchana kweupe, betri imebakiza vijiti viwili, feni inazunguka, na ile sauti bado inakwaruza.